Debe la Gunvaldis

Miaka thelathini na minane mume wangu
alitunza kinanda kikuu cha kanisa, hapa Liepaja,
akipanda ngazi na tochi mdomoni
kusikiliza bomba moja moja, kama daktari wa vifua.
Bomba refu kuliko yote lilipita ghorofa mbili.
Sauti yake, alikuwa akisema, haiji masikioni:
huingia kwa nyayo.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na kanda.
Kandani mna kila kitu: kikohozi cha kasisi,
kiti kinacholia, mvua ya Novemba juu ya bati,
ila bomba refu halimo.
"Limo," akasema. "Spika zetu ndizo bubu."

Dukani kijana mwenye hereni alituonyesha sabufa
nyeusi, inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi.
Gunvaldis akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole.
"Inabweka," akasema. "Mimi nataka inayoguna."
Kijana akataja bei.
Tukarudi kwa basi, kimya.

Ndipo jiko langu likageuka karakana.
Plaiwudi nene ya mti wetu wa gome jeupe,
gundi iliyonuka hadi ndani ya supu,
vibanio kumi na viwili alivyoazima kwa mtu
ambaye hawajasalimiana tangu mwaka wa mafuriko.
Alipiga hesabu nyuma ya kalenda:
lita mia na arobaini za hewa,
bomba la kupumulia, upana wa kiganja,
urefu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole,
likizidi au likipungua, litakoroma.
Akaomba sufu ya kujazia kuta.
Nikampa sweta la kijani nililomfumia mimi,
ambalo hakuwahi kulivaa.
Tulitazamana. Akalikata.

Debe tupu haliachi kuvuma, watu husema.
Wasemao hawajawahi kulitengeneza.
Wiki sita alihangaika na debe tupu
ili livume pale tu linapoambiwa.

Kisha ikaja habari ya mahali pa kuiweka.
Akaipandisha sabufa kwenye kiti changu cha kufumia,
kanda ikizunguka, naye akashuka kwa magoti na viganja,
mzee wa miaka sabini na mmoja, shavu karibu na sakafu,
akatambaa ukuta kwa ukuta.
Dzidra wa ghorofa ya juu akaingia kuomba chumvi.
"Amepoteza nini?"
"Noti moja," nikasema.
Akadhani ya fedha, akainama kumsaidia.

Pembeni sauti ilivimba kama shavu lenye jino bovu.
Chini ya dirisha ilitoweka kabisa.
Ilikaa sawa mahali pamoja tu: pale lilipo kabati
la vyombo vya kaure vya marehemu mama yake,
sahani ishirini na nne zenye waridi,
ninazozipangusa vumbi tangu niolewe
na hakuna aliyewahi kuzilia hata kiazi.
Alinyamaza pale chini, kichwa kimeinama.
Sikumngoja aombe.
Nilifungua kabati nikaanza kuzifunga kwa magazeti,
moja moja, nikijikaza
nisionekane nina haraka.

Jumapili, saa kumi jioni, giza tayari.
Akabonyeza. Kasisi akakohoa. Kiti kikalia.
Halafu sikusikia kitu.
Chai yangu ikachora pete kikombeni,
pete ndani ya pete,
na kitu kikasimama chini ya mbavu zangu
kama mtu mkubwa aliyeingia chumbani
bila kufungua mlango.
Nikamtazama Gunvaldis.
Alikuwa amevua soksi.

Kutoka chini, jirani akagonga dari yake kwa ufagio,
mara tatu.
Mume wangu akainua kidole, macho amefumba.
"Pigo la tatu," akasema, "limechelewa."